Shamba limelala miaka minne limejaa sangari: namna ya kulirudisha kwa ngwara na upupu huku mbuzi wanakula

Kila kijiji kina lile shamba, mwenyewe alihamia mjini au mzee alifariki watoto wakaanza kuvutana, likakaa misimu mitatu minne halijaonja jembe, sa hivi ni pori, ukikatiza humo unatoka na kishona nguo mpaka magotini. Mimi nilikabidhiwa la hivyo, ekari mbili kasoro, ukanda wa chini huku Arumeru, na kosa nililoanza nalo ndo lile lile la wengi, niliita trekta.

Trekta lilikuja na plau ya sahani, likageuza udongo ukawa mwekundu unapendeza nikapiga na picha nikamtumia shemeji. Mvua mbili tu baadae shamba likawa kijani kama uwanja wa mpira, na sio mahindi, sangari tupu. Maana mizizi ya sangari inatembea chini kwa chini kama waya na kila kifundo kinachipua, plau ikiukata mzizi mmoja vipande ishirini umepanda sangari ishirini kwa hela yako mwenyewe. Dereva hana kosa, mimi ndo nilimwita.

Kwahiyo hapa naeleza njia niliyokuja kuifuata baada ya hapo. Ni ya polepole, inachukua msimu mzima kabla hujapanda mahindi ya kula, ila ule msimu haupotei kwa sababu unavuna majani ya mbuzi na ng'ombe. Magugu sugu mengi hayaogopi jembe, jembe yameshalizoea. Yanaogopa kivuli. Kazi yetu ni kutafuta mmea utakaoyaziba jua kabla hayajatuwahi, halafu huo mmea nao uliwe na mifugo.

Anza kwa kulisoma shamba, usibebe jembe bado

Nenda mwezi wa nane au wa tisa, kabla ya vuli, na sululu tu. Tembea kona zote nne na katikati, chimba kashimo ka futi moja sehemu kama tano hivi, uangalie una adui gani maana sio magugu yote yanapigwa sawa.

Ukikuta mizizi myeupe mirefu yenye vifundo na ncha kali hiyo ni sangari. Ukikuta vijiazi vyeusi vimeunganishwa na nyuzi, vina harufu kidogo, hiyo ni ndago, na ndago ukiing'oa juu unavibakiza vile viazi chini vinacheka. Ukiona kishona nguo, mchicha pori na mbigili usihangaike sana, hayo yanatokana na mbegu, ukiyawahi kabla ya maua umeyamaliza msimu huo. Wa Kanda ya Ziwa wanajua kiduha, yale maua ya zambarau mazuri kwenye mahindi yaliyodumaa, hiyo habari yake iko peke yake nitaigusa mbele. Na kama kuna vichaka vya lantana, wengine wanaita mvuti, weka alama, hivyo vinang'olewa na kisiki chake na majani yake usimpe mnyama, yana sumu, ng'ombe akiyala ini linaharibika na ngozi inababuka akikaa juani.

Huko huko kwenye mashimo angalia udongo. Sululu ikigonga safu ngumu kama sakafu kwenye sentimita 15 hadi 20, hiyo ni tabaka la plau la miaka ya nyuma, maji hayapiti hapo na mizizi inakunja kona. Ukiwa na uwezo peleka sampuli ikapimwe, SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, wanapima, na TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo kule Tanga, nao kazi yao ni udongo. Chukua udongo kidogo kutoka sehemu kama 15 za shamba, changanya kwenye ndoo safi, toa nusu kilo. Usichukue penye kichuguu wala palipokuwa na zizi, utajidanganya.

Kufyeka, na tafadhali weka kiberiti mfukoni

Fyeka yote kwa fyekeo au panga, chini kabisa. Najua moto ni rahisi na asubuhi moja kazi imeisha, lakini moto unakula yale majani makavu ambayo ndo blanketi lako, na sangari ikiungua juu inachipua upya mizizi yake haijaguswa, tena inachipua kwa furaha maana umeiondolea washindani. Kilichofyekwa kiache kitandike chini. Isipokuwa magugu ambayo yameshakomaa mbegu, hayo kusanya ukayafukie kwenye shimo la mboji pembeni.

Kung'oa mizizi

Hapa una njia mbili na mimi nimetumia zote kwenye vipande tofauti.

Njia ya kwanza ni jembe la meno, lile jembe uma. Hili halikati mzizi, linaunyanyua. Unafanya kiangazi kikavu kabisa, jua kali, unanyanyua udongo unaukung'uta, mizizi unaitupa juu ikauke. Wiki mbili za jua la mwezi wa tisa zinaitosha sangari iliyolala juu ya udongo, halafu unapita na reki unaikusanya. Usiitupe ikiwa bado mbichi kwenye mboji, itashika. Ni kazi ngumu sidanganyi, mtu mmoja hamalizi ekari, kwahiyo fanya yale maeneo yaliyochafuka zaidi tu. Huku kwetu tulifanya robo ekari ya kwanza na vijana wawili na migongo ilituuma wiki nzima.

Njia ya pili ni dawa, glaifoseti. Sio mpenzi wa dawa lakini kama sangari imetanda shamba zima sikulaumu. Kinachowashinda watu ni kupulizia wakati mbaya. Wanapulizia kiangazi majani yamekauka yana vumbi, dawa haiingii, halafu wanasema dawa feki (na feki zipo kweli, nunua duka unalolijua na angalia lakiri). Glaifoseti inaingia kupitia jani bichi linalokua, ikatembea mpaka mzizini. Kwahiyo fyeka kwanza, subiri mvua za mwanzo, acha sangari ichipue ifike urefu wa kiganja, ndo upulize asubuhi isiyo na upepo wala dalili ya mvua. Maji yawe masafi, maana maji ya mfereji yenye tope yanaifunga dawa haifanyi kazi. Kipimo fuata kilichoandikwa kwenye chupa, vaa buti na glavu na mikono mirefu, mifugo isiingie mpaka siku zilizoandikwa zipite. Baada ya hapo kaa wiki mbili hivi usiguse udongo, ukichimba kesho yake umeikatia dawa njia.

Kwa ndago sikushauri kutegemea jembe wala dawa pekee, ndago dawa yake hasa ni giza. Ni mmea unaotaka jua kamili, ukiufunika unadhoofika na vile viazi havizai vipya. Ndo maana maeneo ya ndago nayapa upupu, ule usiowasha, nitasema chini.

Uongo wa kupanda

Hii hatua wengi wanairuka. Mvua ya kwanza ikinyesha usipande. Acha mbegu za magugu zidhani msimu umeanza, ziote zote, siku 10 hadi 14, halafu unapita na jembe unakwangua juu juu tu, sentimita mbili tatu, siku ya jua. Ukichimba chini zaidi unaleta juu mbegu nyingine zilizolala umeanza upya. Ukifanya hivi mara moja palizi inapungua sana. Sasa kama uko sehemu ya mvua chache, mfano Mererani huko au upande wa Longido, siku 14 ni nyingi utapoteza unyevu, subiri wiki moja tu. Na kama mvua yenyewe ni ya kubahatisha kabisa achana na hii hatua, panda.

Nini upande wapi

Ngwara, jamii ya kunde inayotambaa, ndo mama wa mradi huu. Wengine wanaita fiwi, Kenya ni njahi, na tunazolima huku kaskazini nyingi zinaishia kwao sokoni. Inastahimili ukame kwa sababu mzizi wake unaenda chini sana, inarutubisha udongo, majani yake mbuzi wanayagombania na punje binadamu anakula. Karatu na Arumeru walishaonyeshwa kuitumia kufunika udongo tangu miaka ya 2000 kwenye kilimo hifadhi. Cha kuchekesha, kule Texas watu wanapanda ngwara hii hii kwenye mashamba yaliyolala ili kulungu waje kula, wawindaji wawapate karibu. Huku hatuhitaji kuwaalika, digidigi wanakuja wenyewe usiku, wanapenda miche yenye majani mawili matatu, kwahiyo kama uko karibu na kichaka weka matawi ya miiba pembezoni wiki nne za mwanzo.

Upupu ninaosema ni ule wa kulima, usiowasha, wengine wanaita mukuna. Huu ni katili kwa magugu, unatambaa unafunika kila kitu ikiwemo na mti wako wa mwembe ukizubaa. Huu naupanda pale penye ndago na pale sangari ilipokuwa mbaya. Majani yake mifugo inakula, ila punje zake usimpe kuku wala nguruwe hivi hivi mbichi na wewe mwenyewe usijaribu kupika kama maharage ya kawaida, zina kemikali inayosumbua.

Marejea ni ya tatu, ile yenye maua ya njano ambayo wamisionari wa Peramiho kule Ruvuma waliisambaza sana. Inasimama wima, inakua haraka, inapunguza minyoo fundo kwenye udongo, wale wanaotia mizizi mafundo, kwahiyo kama mbele unataka kupanda nyanya au mboga hiyo ndo mahali pake. Mimi silishi mifugo marejea, naifukia ikianza maua, karibu miezi mitatu. Ndugu zake wa porini wana sumu na sitaki kubahatisha mbuzi wa watu.

Kuna na kanavalia, maharage yenye maganda makubwa kama panga. Kwa ukame na kivuli ni mkali sana, lakini sio chakula cha mifugo, mbichi inasumbua. Kama lengo lako ni malisho iache.

Kwa kiduha, wenzetu wa Mbita kule Ziwa Victoria upande wa Kenya, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, walikuja na ile ya kupanda desmodiamu, nayo jamii ya kunde, katikati ya mahindi na majani ya tembo (mabingobingo) pembeni. Mizizi ya desmodiamu inaidanganya mbegu ya kiduha iote halafu haipati mahali pa kujishika inakufa. Na desmodiamu ni chakula kizuri cha ng'ombe. Mbegu ya kiduha inakaa kwenye udongo zaidi ya miaka kumi, kwahiyo ukiipanda iache iendelee miaka kadhaa, usiing'oe baada ya msimu mmoja.

Kupanda kwenyewe na mbegu kiasi gani

Ekari kwa vipimo vyetu ni hatua 70 kwa 70. Ngwara kwa ajili ya kufunika panda karibu kuliko ya kuvuna punje, mstari hadi mstari sentimita 60, shimo hadi shimo 30, mbegu mbili kila shimo, kina sentimita tatu mpaka nne. Kwa hesabu hiyo unahitaji kilo 10 hadi 12 kwa ekari. Upupu sentimita 75 kwa 50, mbegu mbili, kilo 15 mpaka 20 kwa ekari kwa sababu punje zake ni kubwa. Kama una robo ekari ya ndago gawanya kwa nne basi, kilo nne tano zinatosha.

Kabla ya kununua kiroba kizima pima uotaji, hesabu punje 50 uzifunge kwenye kitambaa chenye unyevu siku tano sita. Zikiota chini ya 40 ama ongeza mbegu ama badilisha muuzaji.

Lile tabaka gumu tulilolikuta kwenye mashimo, piga ripa, lile jembe la jino linalopasua chini bila kugeuza udongo, kwenye mistari tu, ya ng'ombe au ya trekta, udongo ukiwa mkavu ili upasuke. Sio kulima shamba zima. Kama udongo wako umechoka fosforasi, ukijua kwa vipimo, weka kiganja cha mbolea ya Minjingu kwenye mstari, inafanya kazi vizuri kwenye udongo wenye tindikali, kwenye udongo wa chumvi chumvi usijisumbue. Urea usiweke, jamii ya kunde inajitengenezea naitrojeni yenyewe, ukiipa ya bure inakuwa mvivu na magugu ndo yanafaidi.

Wiki ya sita hivi ng'oa mche mmoja taratibu uangalie vinundu mizizini, pasua kimoja kwa kucha. Ndani kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani ni pambo tu.

Mtama unaweza kuchanganya humo, mstari mmoja kila mistari minne, ngwara inapata pa kupanda na malisho yanakuwa na uzito. Ila sikiliza, mtama mchanga ulio chini ya goti, hasa uliopigwa na ukame ukanyauka, una sumu inayoua ng'ombe ndani ya muda mfupi sana, usikate mpaka upite kiuno.

Wiki sita za jasho

Hapa ndo watu wanafeli halafu wanasema ngwara haifukuzi magugu. Ngwara mwezi wa kwanza inakua kama haitaki, iko chini inajenga mizizi, na magugu yanaipita. Lazima upalilie, mara ya kwanza wiki ya pili au ya tatu, mara ya pili wiki ya tano au ya sita. Usipopalilia hizo mbili hakuna kivuli kitakachokuja. Ukipalilia, kufikia wiki ya nane majani yameshikana, ukisimama katikati huoni udongo, kuanzia hapo unaingia tu kung'oa sangari mojamoja inayochungulia. Hiyo mojamoja usiidharau, hiyo ndo inarudisha ukoo.

Angalia na wadudu mafuta kwenye ncha changa, wale weusi wanaojazana. Kwa malisho siwapulizii dawa kwa sababu yale majani yanaenda tumboni kwa mbuzi, nakata mapema zile sehemu zilizoshambuliwa maisha yanaendelea.

Kukata na kulisha

Kata ngwara ya kwanza ikianza kutoa maua, karibu wiki ya 10 hadi 12. Usikate chini kabisa kama nyasi, ngwara inachipua kutoka kwenye shina lenye majani, acha sentimita 25 hadi 30 na majani kadhaa, itakupa mkato wa pili, mvua ikiwepo hata wa tatu. Usifungulie mifugo ndani, watakanyaga zaidi ya watakachokula na kivuli chako kimeondoka siku moja. Kata upeleke bandani.

Kiasi: mbuzi wa kilo 30 anakula kama kilo nne hadi tano za majani mabichi kwa siku, ngwara iwe theluthi yake, kilo moja na nusu hivi, nyingine ziwe nyasi. Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400 ni kilo 50 hadi 60 mabichi, theluthi ile ile. Anza kidogo kidogo wiki nzima, na usimpe mnyama mwenye njaa majani mabichi yenye umande asubuhi, tumbo linajaa gesi upande wa kushoto linakuwa ngoma na unaweza kumpoteza. Kata jana yake jioni yanyauke, kesho mpe nyasi kavu kwanza ndo uweke ngwara.

Inayozidi ikaushe kivulini siku mbili tatu, ukiigeuza, maana juani majani yanapukutika unabaki na vijiti. Ukitaka kufunga robota tengeneza boksi la mbao lisilo na mfuniko wala kitako, urefu 85, upana 55, kina 45 sentimita, tandika kamba, jaza, kanyaga haswa, funga, toa. Robota moja linakuja kama kilo 20 na mwezi wa tisa wenzako wakikimbizana na magunzi utaelewa kwanini nasisitiza.

Msimu unaofuata

Ukimaliza mkato wa mwisho using'oe mizizi, iache iozee humo. Masalia yalale juu. Upupu ukianza kutoa maganda mateke uangushe kwa panga kabla mbegu hazijakomaa, la sivyo msimu ujao upupu wenyewe ndo gugu. Halafu chimba vile vishimo vyako vitano tena, kwa sululu ile ile. Sangari ikiwa bado ipo nyingi rudia kipande hicho tu msimu mwingine, usione aibu, mimi kona ya juu nilirudia mara mbili.

Palipopona panda mahindi moja kwa moja kwenye masalia bila kulima, sentimita 75 kwa 30, halafu ngwara uichomeke katikati ya mistari mahindi yakiwa na wiki tatu nne, ukiwahisha inapanda juu ya mahindi inayavuta chini. Pembezoni weka mabingobingo au majani ya guatemala, yanazuia sangari ya jirani isiingie, maana jirani bado ana lake linalala.

Na mbegu, acha mistari miwili mitatu ya ngwara bila kukata tangu mwanzo, hiyo ndo ya mbegu. Kausha mpaka ukiing'ata inalia, weka kwenye mifuko ile ya tabaka tatu, toa hewa, kaza kamba. Mimi mwaka wa kwanza niliweka kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko nikaona nimemaliza, mwezi wa pili nikafungua nikakuta fukusi wametoboa kila punje, nikaenda kununua tena kwa yule yule niliyekuwa nimeringa kwamba msimu ujao hanioni.